Migomba, Mwambieni Baba

Jumatano, Tukuyu. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na moyo wangu hautulii.

Nakusihi wewe unayesoma, usimwambie mtu. Usimsomee mumeo, usimpigie shoga yako aliyeolewa Kisondela, usiseme kanisani hata kwa njia ya kuniombea. Nayajua maombi yetu yanavyosambaza habari. Neno moja tu likifika kwa wakwe zangu, sijui nitalala wapi.

Naandikia kwenye intaneti kafe, kompyuta ya mwisho, ile iliyoegemea ukuta. Mwenye kafe amepita nyuma yangu sasa hivi akijifanya anaangalia waya. Nikafungua ukurasa wa nafasi za kazi mpaka akaondoka. Ukiona sentensi imekatika, ujue amerudi.

Kwenye blogu hii nimezoea kuandika masomo madogo ya imani. Maziwa yaliyomwagika na subira, jiko lisilowaka na maombi, mambo ya namna hiyo. Leo sina uhakika kama nilichonacho ni somo au ni kosa.

Mimi ni karani wa kampuni inayonunua majani mabichi ya chai. Nimezaliwa Manyoni, ambako mtu akiona wingu anamwita jirani atoke nje aje aone. Nimeolewa na Lugano, mwalimu, mtu wa huku huku Rungwe. Tunaishi kwenye kiwanja cha wazazi wake, mlango wetu ukitazama mgongo wa nyumba yao. Lugano anafundisha Mbeya na hurudi Jumamosi. Siku nyingine zote tupo mimi, mama mkwe na baba mkwe.

Baba mkwe sijawahi kuuona uso wake vizuri.

Sitanii. Huku kuna desturi wanaiita ukutila. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawagusani. Nikimwona anakuja njiani nachepuka nyuma ya migomba na kuinama mpaka apite. Jina lake silitamki, na hata hapa sitaliandika. Familia nyingi za Kikristo zimeshalegeza, mkamwana anamwamkia mzee na maisha yanaendelea. Ya kwetu haijalegeza, na yeye ni mzee wa kanisa. Kwenye picha ya harusi amesimama ukingoni kabisa, kofia imeshuka mpaka puani.

Kazini desturi hiyo imenifanya kichekesho. Siku za kununua mimi ndiye ninayeita majina. Majani ya kwetu huletwa na mama mkwe, lakini shamba ni la mzee na jina ni lake, kwa hiyo zamu yake ikifika mimi huita, "Mzee wa juu ya daraja!" Wanawake kwenye foleni hawaniachi.

"Karani, juu ya daraja kuna wazee wengi. Yupi?" Huyo ni Mama Tumpe, jirani yetu.

"Yule wa kofia."

"Mwe! Na mvua hii, nani hana kofia? Mtaje bwana, hatutasema!"

Wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mama mkwe anacheka nao. Mimi nacheka kidogo tu, maana siku zote nimekuwa nikimtazama nione anacheka kwa moyo upi.

Kazi imenifundisha kushuku. Tangu soko lilipofunguliwa na wanunuzi wakawa wawili, kila mtu ana haraka na kila gunia lina ujanja wake. Juu majani mazuri, chini vijiti, au majani yaliyomwagiwa maji yawe mazito. Kwa hiyo kabla gunia halijapanda mzani mimi huingiza mkono mpaka chini. Nadhani nimeingiza mkono hivyo hivyo kwenye familia hii. Nilijiambia desturi ni majani mazuri ya juu. Chini yake kuna chuki. Mzee huyu hanitaki, ila amepata heshima ya kujifichia.

Na ushahidi nilikuwa nao. Nikiingia kanisani, yeye huhamia upande wa pili. Nikikohoa tu uani, mlango wao wa nyuma unafungwa. Mwezi uliopita nilimsikia akizungumza na Lugano kwa Kinyakyusa, na katikati likatajwa jina la Manyoni. Nilipomuuliza Lugano, akasema, "Ameuliza kama kwenu mnalima ndizi." Nilimwambia sawa. Sikuamini hata neno moja. Mtu hashushi sauti kwa ajili ya ndizi.

Nikafunga begi langu na kulisukuma chini ya kitanda. Nilipanga Lugano akirudi Jumamosi nimwambie tuhamie Mbeya, la sivyo naenda kwetu peke yangu.

Halafu ikaja juzi, Jumatatu.

Kulikuwa na msiba Ikuti, na msiba huku haumbakizi mtu. Mlima wote ulihama. Baba mkwe alibaki kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Mimi nilikwenda kazini, lakini mvua ikazidi, wachumaji hawakuja, tukafunga banda la chai mapema. Nilipofika nyumbani nikasikia mtu anaguna nyuma, kwenye migomba.

Jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba huo ni mtego. Mzee ananipima. Anataka aone kama mwanamke wa kuja atavunja mwiko ili apate sababu. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika mwavuli, nikasikiliza kama mtu anayesikiliza mwizi.

"Kuna mtu?"

Sauti ile haikuwa ya mtego. Nilikwenda mpaka nikaona mabuti ya mpira yakitokeza kwenye mfereji wa maji, na mzigo wa majani ya ng'ombe umetawanyika. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya. Nikageuka haraka, nikampa mgongo. Bila shaka alijua ni mimi, maana alisema, lakini si kwangu:

"Migomba, mwambieni mkamwana wangu asije huku. Aite mtu."

Nilitafuta wa kumwita. Hapakuwa na moshi kwenye nyumba hata moja. Kumwacha niende kutafuta watu mpaka barabarani niliogopa, maji ya mfereji yalikuwa yanapanda. Sikujua sheria inasemaje hapo, nikafanya kama alivyofanya yeye.

"Migomba, mwambieni baba kwamba watu wote wako Ikuti."

Mvua ikanyesha kidogo kati yetu.

"Migomba, mwambieni nitasubiri."

"Mwambieni maji yanajaa."

"Mwambieni mimi ni mzee wa kanisa."

"Mwambieni hata mzee wa kanisa analowa."

Nikasikia sauti ya ajabu. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka na kuguna kwa maumivu kwa pamoja, na mimi nikiwa nimempa mgongo nikaziba mdomo kwa kiganja, nusu kicheko nusu hofu.

Hapo ndipo nikawakumbuka wana wa Nuhu. Tuliisoma hadithi hiyo nikiwa mdogo, na nilichoshika ni kwamba mzee alilewa akalala uchi. Sikuwahi kuwafikiria wale vijana wawili wakimwendea baba yao kinyumenyume, nguo mabegani, nyuso zimegeuzwa, wakipapasa njia kwa visigino. Nilivua kanga niliyojitanda, nikaishika nyuma yangu, nikaanza kurudi nyuma kuelekea mferejini. Niliteleza mara kadhaa. Kisha nikahisi kanga inavutwa.

Akaivaa kichwani, akajifunika uso wote.

"Migomba," ikasema sauti kutoka ndani ya kanga, "mwambieni nimefumba macho pia."

Nikavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, ngozi isiguse ngozi. Nikageuka, nikampitisha mkono kwapani, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia mtu ninayemwogopa awe. Tukaanza kutembea, yeye na giza lake, mimi nikitazama chini. "Migomba, mwambieni mbele kuna jiwe." Anainua mguu mzima. "Mwambieni ashike kulia, kuna shimo." Anashika kulia. "Mwambieni sasa ni ngazi."

Hakuuliza hata mara moja kama ninasema kweli.

Nilikuwa nalia nilipomfikisha kwenye kigoda karibu na moto. Mimi ninayeingiza mkono kwenye kila gunia. Mimi niliyekataa kumwamini Lugano kuhusu ndizi. Mzee yule aliweka mguu wake mbovu popote ambapo sauti yangu ilimwambia aweke, na sauti ya mkamwana ameambiwa tangu ujana wake asiisikilize. Imani nimeihubiri kwenye blogu hii tangu nilipoianza, na sijawahi kumwendea Mungu namna ile. Namtaka kwanza anionyeshe uso, ndipo niinue mguu.

Nilitoka nikafunga mlango. Nikachemsha maji, nikayaacha kizingitini, nikagonga na kukimbia.

Jioni mama mkwe alirudi na watu wakampeleka mzee hospitali kwa bodaboda. Mguu haukuvunjika, umeteguka tu, na umefungwa vizuri. Waliporudi nilikuwa jikoni kwangu. Sikusimama dirishani kusikiliza. Haya, nilisimama.

"Nani alikuingiza ndani?" mama mkwe aliuliza, kwa Kinyakyusa chepesi ambacho hata mimi nakielewa.

"Bwana alituma mtu."

"Mtu gani?"

"Sikumwona."

Na hakusema uongo. Nilitabasamu gizani mle jikoni, halafu nikakumbuka kanga.

Nilikuwa nimeiacha kichwani mwake.

Jana asubuhi nikaikuta kwenye kizingiti cha mlango wangu. Imefuliwa, imekunjwa, bado mbichi kwa sababu jua hakuna. Nani mwingine angeifua kama si mama mkwe? Basi anajua. Nimeigeuza kanga ile pande zote kana kwamba ina maandishi. Kuifua ni kunisamehe, au ni kunirudishia changu ili nisiwe na kitu ndani ya nyumba yake? Mama Tumpe aliwahi kunisimulia kwamba zamani mkamwana akimgusa baba mkwe wazee walikaa, na wengine walirudishwa kwao mpaka jambo litengenezwe. Alisimulia akicheka. Sasa najiuliza alikuwa anacheka nini.

Mchana mama mkwe akaja mpaka mlangoni kwangu, akasimama, akatazama begi. Sikuwa nimelisukuma vizuri, kamba yake ilitokeza. Hakuuliza. Akasema, "Mwanangu, Jumapili baada ya ibada wazee watakuja. Upike ndizi za kutosha."

"Wazee gani, mama?"

"Wazee tu."

Akaenda zake. Tangu hapo sijala vizuri. Inawezekana wanakuja kumpa pole mgonjwa, kama watu wote wanavyokuja. Inawezekana pia wanakuja kwa ajili yangu, na ndizi nitakazopika ndizo zitakazoliwa wakinihukumu. Lugano nitamwambia Jumamosi, au nikae kimya kama alivyokaa baba yake? Nikisema, nimemvua mzee heshima aliyoilinda akiwa mferejini. Nisiposema, kuna mwingine atasema.

Mwenye kafe amepita tena. Safari hii amesimama. Nimejifanya nasoma hali ya hewa ya Dodoma.

Najua somo linalofaa hapa, na mtu mwingine angelimaliza vizuri. Angesema hofu imekwisha. Yangu haijaisha. Nilichofanya leo asubuhi ni hiki: nimelivuta begi, nikalifungua, nikatoa gauni moja tu, lile la kanisani. Nimelitundika ukutani kwa ajili ya Jumapili. Nguo nyingine zimebaki humo. Bwana anajua huo ndio ukubwa wa imani niliyo nayo wiki hii, gauni moja.

Lakini kukimbia kabla wazee hawajafika, hapana. Mzee alitembea mpaka mwisho hajui ananiamini kwa lipi. Na mimi nitapika ndizi zile, nitazipeleka mpaka mlangoni, nitasikia watakalosema.

Kama umeolewa Rungwe, na unajua wazee wanapokuja Jumapili huwa wanakuja kwa jambo gani, tafadhali nitafute. Usiandike jina lako hapa chini. Usije nyumbani, na usimuulize Mama Tumpe njia. Njoo kwenye banda la chai siku ya kununua, simama nyuma ya wote mpaka foleni iishe, kisha uulize kwa sauti kama tunapokea majani ya kutoka Suma. Nitakujibu hatupokei. Wewe lalamika kidogo, kama watu wanavyolalamika, nami nitatoka kukuelekeza barabarani. Huko tutaongea.

Hata Jumapili ikishapita, njoo. Wakikwambia yule karani amekwenda kwao Manyoni, usigeuze. Kaa kwenye benchi, usubiri. Nitakuwa nimeingia nyuma mara moja tu, narudi.