Sare Iliyopunguzwa Makusudi

Alhamisi, Mkunazini. Mvua haijakatika tangu alfajiri, wala hasira yangu.

Leo nimetaka kumuua shangazi yangu. Naandika hivyo hivyo, sirembi.

Jumamosi ni harusi ya binti yake. Wanawake wote wa ukoo tunavaa sare, kitambaa kimoja cha zambarau, na Shangazi Zuhura ndiye aliyekipeleka kwa fundi. Asubuhi kaja nazo tuzijaribu, sebule imejaa wanawake. Gauni langu halikufunga. Shangazi kavuta zipu kwa nguvu zake zote mpaka ikanibana nyama ya ubavu, damu ikatoka. Nikapiga ukelele. Yeye anacheka.

"Nlimwambia fundi apunguze makusudi," kasema mbele ya wote. "Upate kujizuia na sahani."

Kujizuia! Mie niliyeanguka sokoni Darajani kwa kujinyima chakula. Mie ambaye nikila, nakimbilia chooni kujitapisha. Kwa kuwa ni mnene, hakuna aliyeuona ugonjwa. Watu walinisifu, eti nimeanza kupendeza. Hata daktari wa mwanzo aliniambia nizidi kupungua.

Aliyeniamini ni Bi Nasra, mshauri wangu. Siku ya kwanza nilimuuliza mizani iko wapi nipande. Akasema, "Mwanangu, mie siuzi nyama." Nilicheka mpaka nikalia. Kwake hatuzungumzi kilo. Tunajifunza kula bila ya kujiadhibu. Kaniagiza nikishakula nisikae peke yangu mpaka hamu ya kutapika ipite. Nikamwomba mama akae nami. Mama akanambia nnadeka.

Basi leo mkasi ulikuwa mezani. Nikaukamata. Nikalipasua gauni lile lile nililolivaa, toka shingoni mpaka kwenye pindo. Shangazi kanitandika kofi, masikio yakavuma. Nikamrushia kopo la pini.

"Nguse tena, nikuchome!"

Na wallahi ningemchoma.

Mama kanipokonya mkasi. Nikajikunja, nikajua sasa napigwa na wa pili.

Kapasua gauni lake mwenyewe.

Kisha kamgeukia wifi yake. "Mwanangu anaumwa, Zuhura. Nami nilikuwa naona haya kulisema. Toka nyumbani kwangu."

Wakatoka wote, chai hata haijanywewa.

Mchana mama kapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nshakula. Ubavu unaniwaka, tumbo linanisuta, na choo hakiko mbali. Sijapona, asinidanganye mtu. Miaka yote hii hasira yangu nimeimalizia kwenye mwili wangu mwenyewe, na leo kwa mara ya kwanza imempata mtu mwingine. Sioni fahari. Lakini siombi radhi pia, si leo. Ikirudi kesho, nitaipeleka wapi?

Mama kakaa ubavuni kwangu na sindano na uzi, anaunga vipande vya gauni lake na langu apate gauni moja linalonienea. Alasiri imeadhiniwa, nikamwambia aende chumbani kwake akasali, mie nitakuwa sawa.

"Ntasali hapa hapa," kasema, katandika msala mbele ya kiti changu.