Mkono wa Minza kwenye picha

Goreth, uko wapi? Minza katoka kwenye kikao cha wadau wa ubunifu wa kidijitali, analia.

Egide kawaonyesha wadau ile picha ya 1998, darasa lao la kompyuta pale Makanyagio. Kamkata Minza pichani. Umebaki mkono wake tu kwenye kibodi, na bangili ya shaba.

Kawaambia eti darasa alilianzisha peke yake. Peke yake, Goreth.

Mgeni rasmi akauliza, "Huo mkono wa nani?"

"Wa mwanafunzi wangu mmoja," Egide akajibu.

Minza kakaa mbele yake, bangili ileile mkononi. Wadau wakampa Egide kituo kipya cha kompyuta akisimamie.

Mwanafunzi wake? Wewe ulikuwepo. Siku anakuja kujifunza kwa Minza, Egide aliingia na viatu vya matope kutoka Magamba, Minza akamwambia chumba cha kompyuta unavua viatu kwanza.