Sanduku la Biskuti Kwenye Gwaride

Lucius, kaa chini kwanza. Tumetoka makaburi ya wanajeshi sasa hivi na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Leo tulikuwa tunamzika Floyd Amundsen, yule baharia wa jeshi ambaye majivu yake yalikaa rafuni kwenye nyumba ya kuchomea maiti miaka thelathini na moja, bila ndugu wa kuyachukua. Mzee mwenzetu Wendell aliomba ambebe mwenyewe. Alimchongea sanduku la mwaloni, akamfunga mkanda kiti cha mbele cha gari lake, na njia nzima alikuwa anamwambia, "Hutaachwa tena, kaka."

Akamwacha.

Sikiliza. Kwa mbao zilizobaki alikuwa amemchongea mkewe sanduku la biskuti, pacha kabisa, nalo lilikuwa kiti cha nyuma. Wendell akapita katikati ya gwaride lililopiga saluti, sanduku mikononi, machozi yanamtoka. Sajenti akafungua kifuniko aangalie kile kibati chenye namba ya marehemu kinachowekwa pamoja na majivu.

Biskuti, Lucius. Biskuti za siagi.

Wendell akanywea. "Nimemsahau garini," akanong'ona. "Na nilimwahidi."

Sajenti, binti wa miaka ishirini na kitu, hakupepesa hata jicho. "Basi kamlete, babu. Sisi tupo."

Na kweli, hakuna aliyeshusha mkono. Dakika kumi juani, gwaride zima limesimama kwa saluti, mpaka Wendell akarudi anahema na Floyd kifuani.

Tulipomaliza tukazila biskuti pale pale. Wendell bado ana aibu. Nimemwambia, "Acha hizo, bwana. Miaka yote Floyd ndiye aliyekuwa akisubiri watu. Leo watu wamemsubiri yeye."