Nyasi za Mbuzi wa Hamdiya

Kheiria, Mahfoudh,

Maskati nzima hakuna mkulima kama mimi. Nusu ya nyasi zangu imekufa, lakini iliyobaki ni hodari.

Nnakwenda Wattaya, nje ya mji, kuomba majani ya mbuzi. Asubuhi katoa maziwa hata kikombe hakikujaa, na mjukuu wangu Hamdiya kalia mpaka sauti ikamkauka. Kheiria mwanangu, usijilaumu, maziwa kukukauka si dhambi. ~~Mbuzi achinjwe tu.~~ Asiguswe. Mtoto atanywa nini?

Zile nyasi za rai, malisho ya mifugo huko Ulaya, alizotuletea mbegu mjomba wenu Suud, hazipendi jua letu. Adhuhuri zifunikeni gunia. Mkikata, acheni vidole viwili juu ya udongo, zitachipua tena; mkizing'oa, ndiyo mwisho wake. Palipokufa mwageni mbegu upya, maana baridi ndiyo inaanza, na mzifunike udongo kidogo tu. Mimi nilizifukia kama mihogo, nikakaa kungoja. Unguja tulikuwa tukiamka kung'oa nyasi, leo tunazibembeleza.

Maji ni yale yale: kila mtu atawadhe juu ya nyasi, upande wake. Sabuni isiingie.

Ntarudi kabla lango la mji halijafungwa.

Na wewe Mahfoudh, alfajiri nilipokuuliza ulinambia, "Nshatawadha, mama, nshasali." Udongo wa upande wako nimeushika kwa mkono wangu, mkavu kama unga. Ulitawadhia wapi, baba?

Mama yenu