Paskazia na Buberwa Aliyemtunga

Mwaka umetimia, Paskazia, tangu tulipokulaza kibanjani kwetu Nyanga, nyuma ya mibuni, Agosti 1989. Siku ile wasifu wako ulisomwa kwamba umefariki kwa homa ya muda mrefu. Waombolezaji waliinamisha vichwa, nasi tukainamisha vyetu, na kila mtu alijua.

Tuanze na mazuri yako, maana ni mengi. Ulianza kutunga wakati wa vita. Mwaka 1978, mizinga ilipoanza kusikika upande wa Kyaka, tulifunga mizigo tukakimbilia Rubya kwa shangazi, watu tele katika nyumba moja. Ulikuwa bado msichana wa shule. Uliwakusanya wenzako waliokuwa wakilia, ukawasimulia juu ya askari aliyerudi mzima na kufunga ndoa kanisani. Waliokuwa wakilia wakaanza kubishana kuhusu gauni la bibi harusi.

Baada ya hapo hukuacha tena. Wakati wa uhaba, daftari zilipoadimika, Umedbhai wa dukani mjini alikuwekea karatasi za kaki za kufungia sukari, na mkewe Kantaben alitaka kwanza kujua kama posa ya kwenye hadithi imekubaliwa ndipo akupe. Ulikuwa ukiandika asubuhi dirishani, mkono wa kulia ukiwa na kalamu na wa kushoto ukifukuza mbuzi. Kila mgeni ulimuuliza alivyochumbia. Taata, baba yako, ulimbana mpaka akakiri kwamba siku ya kwanza alipomwona Mae, mama yako, alimwomba maji ya kunywa, naye hakuwa na kiu. Ukayaandika hayo. Kwaya nzima ikamcheka, naye kwa mwezi mzima akawa anaingia kanisani kwa mlango wa nyuma.

Hadithi zako zilisomwa baada ya mazoezi ya kwaya, karatasi zikipita mkono kwa mkono. Wachumba wako walikuwa wacha Mungu kupita kiasi. Walisali pamoja na kulia pamoja, lakini kushikana mikono walingoja mpaka padri awaruhusu. Tulikutania kwamba katika hadithi zako hakuna hata mtu mmoja anayeumwa tumbo. Ulicheka, ukasema watu wanaumwa tumbo bure majumbani kwao, kwa nini tena wasome.

Ulipoolewa na Kashaija, mfanyabiashara wa samaki wa visiwa vya Muleba, mlifunga ndoa kanisani kama ulivyokuwa ukiwaandikia wengine. Kashaija akafa. Ukarudi nyumbani na mkoba wa karatasi na ugonjwa ule ambao watu hapa walikuwa wakiuita Juliana. Leo tunauandika kwa jina lake, Ukimwi. Hatukuthubutu kulitamka ulipokuwa hai.

Hapa ndipo aibu yetu inapoanza. Mae alikupenda, hilo halina ubishi. Aliamka kabla ya kuku akukorogee uji, na alikuombea kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Lakini aliogopa. Alikutengea sahani ya bati yenye maua mekundu, akaianika peke yake upande mmoja wa kichanja. Wanakwaya walipotuma ujumbe kwamba hadithi wanaitaka, ila karatasi ulizozishika hapana, hakuwagombeza. Alizichukua karatasi zako kwa jani kavu la mgomba, kama mtu anayeipua sufuria, akazipanga kwenye uchaga juu ya mafiga zipate moshi. Aliamini moshi utaua chochote kilichomo. Alipogeuka alikukuta mlangoni mwa jiko, umeegemea nguzo, unamtazama. Zilikaa pale mpaka zikawa na rangi ya chai, na bado hakuna aliyekuja kuzichukua.

Hukulalamika. Ulimwita kaka yako Aroni, ukamwambia alete karatasi mpya, akae mlangoni pa chumba chako.

"Mimi nitasema, wewe uandike," ulimwambia. "Zisipite mkononi mwangu."

Aroni akaketi pale pale mlangoni. Angeweza kusogeza kiti ndani, lakini hakukisogeza.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa sura yako ya mwisho. Mae alikuwa nje chini ya dirisha akimenya ndizi, akasikia yote. Kezia, msichana wa hadithi hiyo, anaugua, na watu wa nyumbani kwao wanamtengea sahani. Anafika mchumba wake, Buberwa. Haulizi kitu. Ananawa mikono, anavuta kigoda, anaingiza mkono katika sahani ile ile, wanakula wote wawili.

Kisu cha Mae kilisimama. Kisha akauliza kupitia dirisha, "Huyo Buberwa ulimtoa wapi, mwanangu?"

"Nimemtunga, Mae," ulijibu. "Ningemtoa wapi?"

Hukusema kwa hasira. Ungekasirika ingekuwa afadhali kwake.

Mchana ule Mae alikuletea chakula akiwa ameamua. Tulimwona akinawa mikono mara mbili, yeye ambaye kwa kawaida alikuwa ameshakula jikoni wakati huo. Aliketi ukingoni mwa kitanda chako, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua za vuli. Ukaelewa. Uliisogeza sahani kidogo upande wake, ukatazama pembeni ili usimtie haya. Mkono wake ulifika kwenye ukingo wa sahani, ukatulia hapo. Kisha akainuka, akasema ana chungu cha maharage motoni.

"Nenda, Mae waitu," ulimwambia kwa upole. "Yasije yakaungua."

Ulitutoka juma lililofuata.

Jumapili hii kwaya imeomba isomewe sura ile. Mwandiko ni wa Aroni, kwa hiyo wataishika bila woga, na hilo nalo ulilijua. Kantaben ametuma salamu, anauliza kama Kezia na Buberwa walifunga ndoa. Tutamjibu kwamba hukufika huko. Sahani yako ipo. Mae anaitumia kila siku, na mwenyewe anasema haimsaidii kitu, kwa sababu kula humo sasa ni rahisi.

Wanaokukumbuka ni baba yako Rugemalira, aliyeomba maji bila kiu. Kaka yako Aroni, aliyeandika akiwa mlangoni. Na mama yako Klaudia. Hatutakusahau, Paskazia, siku zote tutakazopewa. Mae ameomba liongezwe jambo moja, tena liandikwe kwa jina lake: siku ile hapakuwa na chungu motoni.