Bakuli la Papa Ilunga

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Umbilo hatujambo. Babu yako anakohoa, lakini sahani anaimaliza.

Umeniuliza kwa nini mgeni akiingia sitaki sufuria ifunikwe. Naona haya, ila nitakwambia.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa nauza chakula mtaa wa Clairwood, hapa hapa mjini, jirani na ghala la mabomba ya visima vya mafuta vya Angola. Bei ya mafuta ilipoanguka duniani, ghala likanyamaza, mafundi wa visimani wakarudishwa makwao, na wali wangu ukaanza kulala. Siku moja akatokea mlangoni Papa Ilunga, fundi Mkongomani aliyekuwa akila kwangu kila likizo. Nikadhani amekuja kuomba. Nikawahi kifuniko, nikaifunika sufuria.

"Chakula kimekwisha, kaka."

Mvuke ukakirusharusha kile kifuniko, sote wawili tukikitazama.

"Sikukuja kula, dada," akasema taratibu. "Narudisha bakuli yako ya ule uji wa mgonjwa wangu. Mke wangu amepona. Iko sukari kidogo ndani. Amekataa niirudishe tupu."

Akaniaga kwa heshima.

Jioni ile nilimwaga wali nusu sufuria.

Bibi yako