Bendera Aliyoikunja Cosnel

Huddersfield, 9 Januari 1998

Mama Mkubwa Estina,

Shikamoo. Goti linasemaje, na macho je? Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna mpaka mifupa.

Nina neno. Ile riwaya niliyokuwa nikiiandika kila nikitoka zamu imepata mchapishaji. Riwaya yangu ya kwanza, Mama Mkubwa. Nimekutumia yote pamoja na barua hii. Ni habari ya kisiwa chetu na ya dada wawili: mdogo anakwenda Uingereza kutafuta maisha, mkubwa anabaki kwetu Carriacou kumlea mtoto wa mdogo wake. Huyo mkubwa nimemtoa wapi, utajua mwenyewe. Mengi nimeyatunga, maana wewe ukiulizwa habari zako unaanza kulalamikia bei ya samaki.

Wanataka jibu kabla ya Pasaka. Bila baraka yako sitii saini. Ukisema hapana, basi, yameisha, na sitanuna. Labda kidogo.

Mwanao,
Averil


Windward, 2 Februari 1998

Mwanangu Averil,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Wewe vaa soksi mbili na uache ubishi.

Mzigo umefika. Nilipoupokea nilidhani umenitumia tofali. Barua naweza kuiandika kwa herufi hizi kubwa kama za mtoto wa chekechea, lakini kitabu kizima macho hayawezi. Cosnel fundi mashua amejitolea kunisomea. Unamkumbuka, yule wa nyumba ya chini ambaye hakuoa, anayenuna hata akicheka. Anakuja jioni, anavaa miwani, anasoma kama padri. Majirani wanajileta na viti vyao. Pale nilipomkimbiza mbuzi wa kanisa na mwiko, watu wamecheka mpaka nimeona haya.

Kuhusu baraka, mimi ni nusu tu. Nusu nyingine ni ya mama yako, naye yuko kaburini. Ijumaa nitamwekea mezani sahani ya wazee waliotangulia, kuku, wali na ramu kidogo, na kitabu chako kando yake. Kama hataki atakuja kuniambia ndotoni. Mdogo wangu hakuwahi kunyamazia jambo.

Mama Mkubwa wako,
Estina


Windward, 20 Februari 1998

Averil,

Salamu zitangoja.

Jana Cosnel alisoma ile sura ya kushusha mashua. Nguzo zinazoiegemeza mashua hazijakatwa bado, padri hajamwaga maji ya baraka, ngoma zinapigwa. Mwanamke anashuka ufukweni na mtoto wa dada yake kiunoni. Anamwambia fundi aliyeijenga mashua ile, "Sikutaki. Nenda Trinidad, tafuta mwingine." Hamwambii kwamba amemwapia dada yake kumlea mtoto yule katika nyumba ya mama yao mpaka atakapoitwa Uingereza. Hamwambii kwa sababu fundi akijua ataacha mashua, ataacha safari, atabaki naye awe maskini.

Cosnel alipofika hapo aliacha kusoma, akavua miwani, akaweka karatasi juu ya kiti, akaondoka bila kofia yake. Majirani wakabaki kunitazama. Nikawaambia waende makwao.

Nani alikwambia? Sikumwambia mtu. Mama yako sikumwambia, maana angerudi na meli ya kwanza. Padri sikumwambia. Na wewe pale kiunoni ulikuwa hujajua hata kusema.

Estina


Huddersfield, 4 Machi 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo, kama bado unaipokea. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa sakafuni.

Hakuna aliyeniambia. Naapa kwa kaburi la mama, nilitunga. Nilihitaji sababu ya mwanamke mzuri vile kutoolewa, nikamtia fundi mashua kwa kuwa Windward kila mwanamume ni fundi mashua. Sura ile ilinijia asubuhi moja ndani ya basi, yote kwa mkupuo, mpaka harufu ya mbao zilizorandwa. Nikashuka kituo ambacho si changu, nikaandika nimesimama mvuani. Nilifikiri ndivyo kutunga kulivyo. Sasa nakiogopa kitabu changu mwenyewe.

Sura nitaiondoa. Lakini niambie, ni kweli? Ulimwacha kwa ajili yangu? Miaka yote ile ulinisuka nywele pale mlangoni, naye akipita chini na msumeno wake begani, mkisalimiana tu kama majirani?

Mwanao,
Averil


Huddersfield, 30 Machi 1998

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijapata neno lako, na simu ya dukani kwenu hakuna anayeipokea. Nimemwambia mchapishaji asubiri. Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Averil


Windward, 14 Aprili 1998

Mwanangu Averil,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ile niliyokunyima. Mimi ni mzima, ila sijatulia, na nikikueleza hutatulia wewe pia.

Wiki zile zote Cosnel hakukanyaga hapa. Hata nyundo yake sikuisikia. Jumapili ya Matawi akatokea na koti la mazishi, kitambaa kimekunjwa kwapani kinanuka dawa ya nondo wa nguo. Akasema, "Sura sijaimaliza." Nikamwambia kofia yake nayo iko pale. Akakaa, akasoma.

Unajua mwenyewe ulivyomalizia. Mwanamke akishageuka, fundi anaikunja bendera ya jina la mashua, aliyoiandika jina la mwanamke huyo, kisha mashua inaingia majini kwa jina la mama yake fundi. Nikasema, "Hapo Averil amekosea. Mashua yako ilikuwa *Albertina* tangu mwanzo." Akakikunjua kile kitambaa juu ya mapaja yangu. Nikainama mpaka pua ikagusa. ESTINA, kwa uzi mwekundu, herufi zimepinda upande kwa sababu alizishona mwenyewe.

"Hakuna aliyewahi kuiona," akasema. "Niliikunja wewe na mtoto mmekwisha kugeuka."

Sasa fikiri. Siri yangu ungeweza kuinyonya ukiwa kiunoni. La bendera hata mimi sikulijua. Ndiyo maana siulizi tena nani alikwambia. Sahani niliweka, na mama yako hakunijia ndotoni. Nadhani alikuwa amekwisha kusema na wewe ndani ya basi.

Umeuliza kama ni kweli. Ni kweli. Nilikuchagua wewe, na kesho nitakuchagua tena. Lakini usinifanye mtakatifu. Siku ile nilirudi nikavunja sahani zote za bibi yako, ukapiga makofi.

Usiondoe hata nukta. Ila sahihisha ukurasa ule nilipopika mbaazi bila nazi, watu wataniona mshenzi. Na mashua haishuki majini bila wazazi wa ubatizo, kwa hiyo kitabu kije huku kwanza. Tutachinja kondoo. Mama wa ubatizo ni mimi. Baba wa ubatizo anadai kalamu, nampa.

Mama Mkubwa wako,
Estina


Averil, salamu. Mimi si mtu wa barua. Nimesoma sura ile tena peke yangu. Fundi wako anatumia misumari ya chuma, mwambie atumie ya shaba, ya chuma inaliwa na kutu. Mengine yote yako sawa. Sijui umeyapata wapi na sitauliza.

Jumapili hii padri anatangaza kanisani ndoa yetu, mimi na Estina. Njoo na kitabu.

Baba Mkubwa wako,
Cosnel